Likizo ya Msimamisha Saa

Katika nchi ambayo treni haijawahi kuchelewa hata siku moja, aliishi bibi mmoja aliyeogopa saa. Jina lake Zawena, na mumewe alikuwa Mzee Shomvi, aliyekuwa Msimamisha Saa wa kituo kikuu cha treni kwa miaka thelathini na mmoja.

Kazi hiyo inahitaji kuelezwa, kwa kuwa nchi nyingine hazijafikia maendeleo hayo. Kituoni palikuwa na saa kubwa ya ukutani. Ikitokea kwamba treni ya saa mbili asubuhi haijaonekana na imebaki dakika moja tu, Mzee Shomvi alipanda ngazi, akatia ufunguo wa shaba kwenye tundu la nyuma ya saa, akauzungusha mara moja. Mishale ikasimama. Abiria wakaketi chini, wakafungua vyakula vyao, wakanyonyesha watoto, wakasinzia. Treni ilipofika, hata kama ni alasiri, Mzee Shomvi alipanda tena akaiachia saa, na kipaza sauti kikatangaza kwamba treni ya saa mbili imefika saa mbili kamili. Watu wakapiga makofi. Makofi yalikuwa lazima, lakini wapo waliopiga kwa moyo, maana walikuwa wamechoka kukaa. Baadaye, watu wakiwa wamelala, kamati maalumu iliisukuma saa mbele kwa adabu, na wananchi waliombwa wasiamke kuangalia.

Sheria ya Saa, kifungu cha nne, ilisema hivi: saa ikisimamishwa na mwenye ufunguo, muda hausogei; na kwa kuwa muda hausogei, hakuna linalotendeka; na atakayesema lipo lililotendeka ni mchochezi.

Bi Zawena na Mzee Shomvi walikuwa na mtoto mmoja, Rehani, mwalimu wa darasa la tatu. Miaka kumi na mmoja iliyopita Rehani aliwapeleka wanafunzi wake kituoni kwa ajili ya ziara. Saa ya ukutani ilisema saa mbili kasoro dakika moja. Jua lilikuwa utosini. Watoto walikuwa na njaa, na mmoja wao akamvuta mwalimu wake sketi akamuuliza ni saa ngapi. Rehani alitazama saa yake ya mkononi akasema, "Saa sita na robo."

Hakusema kwa jeuri. Alisema kama mwalimu yeyote anavyomjibu mtoto. Lakini jukwaa zima lilimsikia, na juu ya ngazi, ufunguo mkononi, alikuwa baba yake.

Kabla jua halijazama Rehani alikuwa amevuka mpaka. Kesho yake wazazi wake waliletewa Fomu ya Kutomjua. Bi Zawena alikumbuka daima kwamba afisa aliyeileta alikuwa na upole: aliwaazima kalamu yake mwenyewe, na kwa kuwa meza yao ilikuwa inayumba, aliishika karatasi kwa vidole viwili isiteleze wakati wanatia sahihi kwamba hawakuwahi kuzaa.

Tangu siku hiyo Mzee Shomvi hakuruhusiwa kumwita mkewe Mama Rehani. Alimwita Bi Zawena, kama mtu wa ofisini. Naye akamwita Mzee Shomvi. Waliishi hivyo, wakisalimiana kwa heshima kubwa ndani ya nyumba ya vyumba viwili.

*

Habari ya Rehani iliingia nchini ndani ya pakiti ya sukari guru. Jirani yao, muuguzi, alikuwa amesindikiza timu ya taifa ya mpira wa pete kwenda nje, na huko timu ilikodi gari. Aliporudi alimletea Bi Zawena ile sukari, akasema aifungue mwenyewe, tena akiwa amekaa.

Ndani mlikuwa na kijikaratasi cha matangazo ya magari ya kukodi katika mji wa Dorima. Kilikuwa na picha ya kaunta, na nyuma ya kaunta mwanamke mwembamba mwenye miwani, anatabasamu kama watu wanavyotabasamu wakiambiwa watabasamu. Bi Zawena aliiangalia picha mpaka sukari ikaanza kunata kwenye vidole. Kisha alifunga mlango, akafunga dirisha, akamwonyesha mumewe.

Mzee Shomvi alikwenda kabatini akatoa barua ya kustaafu. Aya ya mwisho ilisema kwamba msimamisha saa aliyetumikia zaidi ya miaka thelathini anastahili Likizo ya Shukrani, siku tisa, nchi ya nje, pamoja na mwenzi wake. Hakuna msimamisha saa aliyewahi kuiomba. Wengi waliogopa kwamba ukiiomba utaonekana huna shukrani.

Kwa wiki sita walipanga safari yao mezani, ile meza inayoyumba. Bi Zawena ndiye aliyeshika penseli. Wangeanzia Velasi, mji wa madaraja, wakalala siku mbili. Wangepanda treni kwenda Karimo kwenye makumbusho, siku mbili tena. Treni nyingine ingewafikisha Dorima, ambako reli inaishia. Hapo wangechukua gari la kukodi, Mzee Shomvi akaendesha mpaka Pelua, kijiji chenye maporomoko ya maji. Leseni alikuwa nayo, kwa sababu zamani aliendesha gari dogo la kituo. Kisha wangerudi.

Karatasi nzima, yenye miji mitatu, treni tatu, hoteli na maporomoko, ilikuwa imepangwa kuzunguka kitu kimoja tu: siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, mtu fulani kwenye kaunta ya Dorima atawakabidhi funguo. Hilo halikuandikwa popote. Hata wao kwa wao hawakulitamka. Bi Zawena akifika kwenye mstari wa Alhamisi alishusha sauti na kusema, "Na hapa tunachukua gari," kama mtu anayepita mbele ya mbwa aliyelala.

Mzee Shomvi alisumbuliwa na ratiba ya treni za huko. Iliandikwa kwamba treni ya kwenda Karimo inaondoka saa tatu na dakika kumi na mbili.

"Kumi na mbili," alisema. "Huyu msimamisha saa wao ana maringo."

*

Ofisi ya Likizo za Nje ilikuwa na wafanyakazi kumi na mmoja na haikuwahi kumpa mtu likizo, kwa hiyo kazi zake zilikwenda vizuri. Mkurugenzi wake alikuwa Mheshimiwa Dakta Pazi Mkomangi, mtu mkubwa mwenye sauti ya kufungulia mikutano. Pembeni yake alikaa karani aliyeitwa Bwana Chanuo, mwembamba, mkimya, ambaye penseli zake zote zilikuwa na urefu sawa.

Mheshimiwa alisimama kuwapokea, akaushika ule ufunguo wa shaba uliokuwa umening'inia kifuani kwa Mzee Shomvi. Wasimamisha saa wastaafu huvaa ufunguo wao kama nishani mpaka wanazikwa nao.

"Nishani nzuri," alisema Mheshimiwa. Kisha akahutubia. "Wazee wangu, likizo si starehe. Likizo ni operesheni. Raia anayetoka nje hajatoka. Ni nchi imejinyoosha kupitia kwake, na lazima ijikunje tena. Sasa. Mpango wenu una uhalisia?"

Maana kila mpango ulipaswa kugongwa Muhuri wa Uhalisia. Mtu mmoja aliwahi kunyimwa kwa sababu alitaka kuona theluji na bahari siku moja. Mwingine aliandika kwamba atapanda treni na itaondoka kwa wakati uliotajwa. Huyo hakunyimwa tu, aliitwa mahali pengine kueleza wazo hilo amelipata wapi.

Mheshimiwa alisoma karatasi mstari kwa mstari kwa kidole. Velasi ilipita. Karimo ilipita. Kidole kikafika Alhamisi kikasimama.

"Gari la nini? Mna treni tatu. Mtu mwenye treni tatu anataka gari aende wapi kusikojulikana?"

"Goti, mheshimiwa," alisema Bi Zawena. Alivuta kanga kidogo akaonyesha bendeji aliyoifunga asubuhi ile. "Pelua iko mlimani, na treni haipandi."

Mheshimiwa aliifikiria bendeji. Alisema Taifa haliwezi kuonekana likichechemea mbele ya wageni, kwa hiyo gari linakubalika, ila makabidhiano yasizidi dakika ishirini. Raia hazungumzi na mgeni zaidi ya hapo. Dakika ishirini na moja ni mahusiano. Na kesho, alisema, warudi kwa ajili ya mazoezi.

Wakati wa kutoka Bi Zawena alichechemea mpaka mlangoni. Alikuwa amefika nje ndipo alipotambua kwamba bendeji iko mguu wa kushoto na yeye amechechemea kwa mguu wa kulia. Aligeuka. Bwana Chanuo alikuwa anamtazama miguu.

*

Siku hiyo hawakula. Mzee Shomvi alisema labda karani hakuona. Bi Zawena alisema mtu mwenye penseli za urefu sawa anaona.

Kesho yake walipofika ukumbini, Bwana Chanuo alikuja na kigoda, akainama, akakiweka mbele ya Bi Zawena na kuunyanyua mguu wake taratibu juu yake. Aliunyanyua wa kushoto. Aliugusa mara moja kwa ncha ya kidole, kama anayemkumbusha mtoto ukurasa, akaondoka. Bi Zawena hakujua kama ashukuru au akimbie.

Mazoezi ya safari yalikuwa hivi. Viti kumi na viwili vilipangwa mistari miwili vikawa treni. Mheshimiwa mwenyewe alipuliza filimbi. Wazee walikaa Velasi kwa dakika tano, wakatazama madaraja yaliyochorwa kwa chaki, wakapanda viti, wakateremka Karimo, wakastaajabu kwa kiasi. Karani mmoja aliandika ni kwa kiasi gani. Wakapanda tena. Dorima ilikuwa kwenye kona, karibu na pipa la maji. Pale palikuwa na meza, na nyuma ya meza alisimama Bwana Chanuo, shingoni amevaa kadibodi iliyoandikwa MGENI.

"Makabidhiano," alitangaza Mheshimiwa.

"Karibuni," alisoma Bwana Chanuo kutoka kwenye karatasi. "Hili ndilo gari lenu. Hapa pana mkwaruzo, ulikuwepo tangu zamani. Hapa pana mwingine. Tairi la akiba liko nyuma. Mkipata shida mpige simu kwangu. Hizi hapa funguo."

Akanyoosha mkono wenye ufunguo wa kabati la mafaili.

Ulikuwa ni mchezo tu. Bi Zawena alijua kwamba mbele yake yuko karani wa serikali. Lakini aliposikia yale maneno, mkipata shida mpige simu kwangu, akaupokea ule ufunguo, hakuweza kuuachia mkono ulioutoa. Aliushika. Machozi yalimtoka, akashindwa hata kuyafuta, kwa sababu mikono yake yote miwili ilikuwa imeushika mkono wa Bwana Chanuo.

Mzee Shomvi alitazama sakafu, rangi imemtoka.

"Kwa nini raia analia kwenye makabidhiano?" aliuliza Mheshimiwa.

Bi Zawena aliona kwa jicho moja makarani wote wakishika kalamu zao.

"Ni furaha ya kufuata utaratibu, mheshimiwa," alisema Bwana Chanuo. "Kifungu cha tisa kinairuhusu."

Kifungu cha tisa hakikuwepo. Lakini Mheshimiwa hakuwahi kusoma zaidi ya cha nane, na hakutaka kumuuliza mtu. Aliitikia kwa kichwa, pole pole, kama anayekikumbuka. Akasema hajawahi kuona uhalisia wa namna hii, akagonga muhuri. Kisha akaongeza kwamba msafara mzuri kama huu haustahili kwenda peke yake. Utasindikizwa na Bwana Chanuo, na Bwana Chanuo atabeba Saa ya Taifa, kwa kuwa saa za wageni haziaminiki.

Saa ya Taifa ilitolewa kwenye kasha. Ilikuwa ya mezani, nzito kama mtoto wa mwaka mmoja, imepigwa lakiri nyekundu pande zote. Nyuma palibaki tundu dogo wazi, kama lile la saa ya kituoni.

Njiani kurudi nyumbani Bi Zawena alitamani wangepewa mtu mkali. Mtu mkali unajua anataka nini. Huyu ameona goti, ameona machozi, na mara mbili ameficha. Mtu hafichi kitu mara mbili bure. Pengine anangoja tu Alhamisi, wao wawili waonane na mtoto, ndipo aandike majina yote matatu kwenye karatasi moja.

"Tusiende," alimwambia mumewe.

"Mimi nilikuwa juu ya ngazi," alisema Mzee Shomvi. "Ufunguo ulikuwa mkononi. Ningeweza kuiachia saa, ikaenda, na maneno yake yasingekuwa makosa makubwa. Sikuuzungusha." Akaugusa ufunguo kifuani. "Nataka kwenda."

*

Walikwenda. Velasi ilikuwa na madaraja kweli, na watu walipita juu yake bila kuonyesha kitambulisho. Bi Zawena aliliona hilo lakini hakulifurahia. Alihisi kama anaona watu wanatembea ukingoni mwa shimo.

Siku ya tatu walifika kituoni mapema, wakakaa kwenye benchi, Bwana Chanuo amepakata Saa ya Taifa. Saa ya kituo ilitembea. Ikafika saa tatu na dakika kumi, na treni ikaingia. Milango ikafunguka. Watu wakapanda.

Wale wazee wawili hawakusogea. Walitazama saa ya ukutani, wakaona mshale unakwenda, wakajua kwamba hii ni treni ya watu wengine. Yao itakuja saa ikisimamishwa. Bi Zawena alifungua hata kitambaa cha maandazi, akampa Bwana Chanuo moja. Saa tatu na dakika kumi na mbili milango ilifungwa, treni ikaondoka, na ubavuni mwake maandishi makubwa ya KARIMO yakapita mbele yao moja moja.

Mzee Shomvi alisimama. Alivua kofia. Aliitazama saa, akaitazama reli tupu, akaitazama tena saa, ambayo haikuona haya yoyote, ilikuwa inaendelea tu.

"Imeondoka saa ikiwa inatembea," alisema. "Kumbe inawezekana."

Bi Zawena hakuwahi kumwona hivyo, hata siku ya fomu. Alimshika kiwiko akamketisha. Hofu yake ilikuwa nyingine: treni imekosekana, mpango umevunjika, na kila kitu mpaka Alhamisi kitasogea. Bwana Chanuo alikwenda dirishani, akazungumza kwa ishara na vidole, akarudi na tiketi tatu za treni ya saa moja baadaye. Akafungua daftari lake la ripoti. Bi Zawena aliweza kusoma alichoandika: Treni ilikosa raia wawili. Sababu: uzembe wa treni.

Alimtazama usoni atafute tabasamu. Halikuwepo.

*

Alhamisi, saa nne kamili, waliingia kwenye ofisi ya magari ya Dorima. Bwana Chanuo aliiweka Saa ya Taifa juu ya kaunta, akaigeuza uso umwelekee yeye.

"Dakika ishirini kuanzia sasa," alisema.

Mwanamke mwenye miwani alikuwa ameinama anaandika. Aliinua kichwa. Nywele za pembeni zilikuwa zimeanza mvi, jambo ambalo kwenye picha halikuonekana, na Bi Zawena aliona kwamba amevaa sweta lililopungua kifungo kimoja. Hakuona kingine kwa muda. Aliona pale tu pasipo na kifungo.

Rehani alipokea pasi za kusafiria. Alisoma jina la kwanza. Alisoma la pili. Kalamu yake ilisimama juu ya karatasi, ikaacha nukta, nukta ikawa kubwa. Kisha akamwona yule mtu wa tatu na ile saa yenye lakiri, na akaelewa kila kitu mara moja, kama alivyokuwa akielewa tangu mdogo.

"Karibuni," alisema. Sauti ilikuwa ya kazi. "Mmesafiri salama?"

"Salama," alisema Bi Zawena.

"Gari liko nje. Nitawaonyesha."

Wakatoka uani. Bwana Chanuo alikuja nyuma, saa kifuani. Rehani alitembea kulizunguka gari, dogo, jeupe, akionyesha kwa kidole. Alisema hapa pana mkwaruzo, ulikuwepo tangu zamani. Alisema hapa pana mwingine. Bi Zawena aliinama kuutazama kila mkwaruzo kwa karibu sana, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa ya kuwa karibu. Waliinama pamoja kwenye mlango, kwenye bampa, kwenye taa. Mikwaruzo ilikuwa minne. Dakika sita. Rehani akaanza kuonyesha sehemu ambazo hazina mkwaruzo wowote, na mama yake akaziangalia nazo. Walilizunguka gari mara ya pili. Dakika kumi na moja. Vidole vyao viligusana juu ya kifuniko cha mafuta, vikaachana upesi.

"Mnaendesha upande wa kulia wa barabara," alisema Rehani. "Nendeni polepole. Kwenye kona mpige honi." Akaonyesha nyuma ya gari. "Tairi la akiba liko nyuma."

Dakika kumi na tano. Bi Zawena alitaka kuuliza anakula nini, analala wapi, nani anampikia akiugua, na kila swali lilikuwa kifungo. Alimwangalia Bwana Chanuo. Bwana Chanuo alikuwa anaangalia saa.

"Kumi na nane," alisema Bwana Chanuo.

Rehani alinyoosha mkono wenye funguo.

Ndipo Mzee Shomvi alipopita kati yao. Alitembea kama alivyotembea miaka thelathini na mmoja, bila haraka, akaufungua ufunguo wa shaba kutoka kifuani. Hapakuwa na ngazi. Alisimama nyuma ya Saa ya Taifa, mikononi mwa karani wa serikali, akatia ufunguo tunduni, akauzungusha mara moja.

Mlio wa saa ulikoma. Ndipo wote wakatambua ulikuwa mkubwa kiasi gani.

"Kifungu cha nne," alisema Mzee Shomvi.

Bwana Chanuo aliitazama mishale. Aliutazama ufunguo. Bi Zawena alikuwa ameshika mlango wa gari, na moyoni aliwaaga wote, mmoja mmoja.

"Mnasubiri nini?" aliuliza Bwana Chanuo. "Ripoti itataka kujua."

"Miaka yote ile hakuna aliyeniuliza tunasubiri nini," alisema mzee. "Sheria hainitaki niseme."

Bwana Chanuo alifikiri. Kisha akaketi kwenye ukingo wa maua, akaipakata saa, akageukia ukutani akawapa mgongo.

"Saa nne na dakika kumi na nane," alisema kwa ukuta. "Muda hausogei. Hakuna linalotendeka."

"Mama Rehani," alisema Mzee Shomvi. "Mkumbatie mtoto."

Wakati hakuna linalotendeka, Bi Zawena alimkumbatia bintiye mpaka miwani ikaanguka. Alimuuliza anakula nini. Alipata majibu yote. Alitoa sindano na uzi kwenye mkoba, na kwa kuwa hakuwa na kifungo kinachofanana, alikata kimoja kutoka blauzi yake akakishona pale kwenye sweta, Rehani akiwa amelivaa. Walikula maandazi yaliyobaki, na Rehani akampelekea Bwana Chanuo chai, naye akaipokea bila kugeuka. Kivuli cha gari kilitoka upande mmoja kikaenda upande wa pili.

Mzee Shomvi alikaa mbali kidogo muda wote, ufunguo mkononi. Bintiye alikwenda akachuchumaa mbele yake.

"Ilikuwa saa sita na robo, mwanangu," alisema.

"Najua, baba," alisema Rehani.

*

Kwenye kituo cha mpakani, siku ya tisa, walikuta bendi. Mheshimiwa Dakta Pazi Mkomangi alikuja mwenyewe kuipokea Saa ya Taifa, mbele ya wakuu na wanafunzi wenye bendera, ili ilinganishwe na saa ya kituo na kuthibitisha kwamba nchi imejikunja vizuri.

Saa ya kituo ilisema saa kumi. Saa ya Taifa, ambayo Mzee Shomvi aliiachia tena uani Dorima kabla hawajaondoka, ilisema saa tano.

Bendi iliacha kupiga, chombo kimoja baada ya kingine. Bi Zawena alitafuta mkono wa mumewe akaupata. Mheshimiwa alizikagua lakiri. Zote zilikuwa nzima, na kila moja ilikuwa na sahihi yake. Alisoma ripoti ya Bwana Chanuo: makabidhiano yalichukua dakika kumi na nane, mbili pungufu ya zilizoruhusiwa. Alimtazama Bwana Chanuo, naye Bwana Chanuo alikuwa anachonga penseli.

Watu wote walingoja. Ilijulikana kwamba moja kati ya saa hizo mbili imekosea, na kwamba kuna mtu atapotea kwa ajili ya hilo. Uso wa Mheshimiwa ulilowa. Kwa mara ya kwanza Bi Zawena aliona kwamba naye anaogopa, pengine siku zote alikuwa anaogopa, na alimwonea huruma kidogo, japo hakuwa na huruma ya kutosha kugawa.

"Saa ya Taifa," alisema Mheshimiwa, na sauti yake ikapanda yenyewe kwenye hotuba, "haikosei. Ni kituo kilichotangulia. Ni nchi nzima iliyokuwa inakimbia ovyo. Turudi nyuma, wananchi, kwa utulivu."

Watu wakapiga makofi.

Siku ile saa zote za nchi zilirudishwa nyuma saa tano, na kamati ya kusukuma haikuthubutu kuzigusa, kwa kuwa zimelinganishwa na saa yenye lakiri. Mpaka leo huko jua linachomoza saa saba, na watoto wanakwenda shule saa nane asubuhi, na hakuna anayeuliza zile saa tano zilikwenda wapi.

Bi Zawena bado anashtuka mlango ukigongwa. Bado anaficha kile kijikaratasi, na bado mumewe anamwita Bi Zawena mbele za watu. Lakini redio ikitangaza saa, huacha alichoshika jikoni, akagusa pale kwenye blauzi ambapo kifungo hakipo.